Kurekebisha shokapu za pikipiki ya spoti kwa barabara za Mbeya: pima kwanza, kaza baadaye

Kijana anafika gereji na pikipiki ya spoti iliyotumika Japani kabla ya kuletwa huku, anashika kiuno na kusema, "Kaka, chuma kigumu hiki, kinanivunja mgongo." Anayemfuata ana chuma cha aina ileile, lakini lalamiko lake ni kwamba akishuka kuelekea Tukuyu kwenye kona inayumba kama mashua. Wote wawili huwa wameshaambiwa wanunue shokapu mpya, na nusu yao wako tayari kukopa ili wanunue.

Mimi huwauliza maswali matatu kabla sijashika spana. Una kilo ngapi? Tairi zina upepo kiasi gani leo asubuhi? Nani aligusa shokapu mara ya mwisho? Swali la tatu halina jibu karibu kila mara. Pikipiki imepita mikononi mwa watu watatu au wanne, kila mmoja kazungusha kitu, na kiwandani kwenyewe ilipangwa kwa mtu wa uzito fulani akipita kwenye lami laini. Wewe una kilo 92, unabeba begi, na unapita juu ya matuta ya Igawilo kila siku.

Kwa hiyo usinunue kitu na usikate kitu. Pima. Starehe na kushika barabara si mambo mawili yanayogombana kama wengi wanavyodhani. Tairi inayobaki imegusa lami muda wote ndiyo inayokupa kona, na ndiyo hiyohiyo inayouacha mgongo wako salama. Tairi inayoruka hewani haikupi lolote kati ya hayo.

Kabla ya kugusa shokapu

Pima upepo asubuhi, tairi zikiwa baridi. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo tu. Kiasi cha kujaza kiko kwenye kibandiko karibu na mnyororo au kwenye kitabu cha pikipiki. Spoti nyingi za cc 600 na kuendelea hutaka paundi 36 mbele na 42 nyuma, na za cc 250 au 300 hutaka pungufu ya hapo. Angalia pia umri wa tairi: tafuta namba nne ndani ya duara refu ubavuni. 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi kavu ya miaka minane ina kashata nzuri lakini mpira wake umekuwa mgumu, na hakuna shokapu itakayoifidia.

Nyanyua gurudumu la mbele, zungusha usukani taratibu kulia na kushoto. Ukihisi unanasa katikati, beringi za shingo zimechimbika. Shika miguu ya chini ya shokapu, vuta na sukuma. Ukisikia "ko", zimelegea. Nyuma, shika mkono unaobeba gurudumu na uutikise pembeni. Ukicheza, bushi au beringi zimekwisha. Vitu hivi huleta kuyumba kunakofanana kabisa na shokapu mbovu.

Kisha tazama nguzo za shokapu za mbele. Ukiona mduara wa oili, sili inavuja, na oili hiyo ikifika kwenye pedi za breki umepata hatari kubwa kuliko ulivyodhani. Ila usikimbilie kubadili sili. Mara nyingi ni chembe ya tope iliyonasa kwenye mdomo wake. Sogeza kifuniko cha vumbi kando, kata kipande cha plastiki laini kutoka chupa ya maji, kisuguliwe kingo kisiwe na makali, kipitishe kati ya sili na nguzo ukizunguka, kisha futa. Ukiona imekauka baada ya siku mbili, umeokoa fedha. Ikiendelea kuvuja, badili sili zote mbili, na ukague nguzo kwa ukucha: kovu la kutu hukata hata sili mpya.

Kupima kuzama

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Kuzama ni umbali ambao pikipiki inashuka kwa uzito wake na wako, kabla haijagonga kitu chochote. Ikizama kidogo mno, gurudumu halina nafasi ya kunyooka kufuata shimo, linabaki likining'inia hewani. Ikizama kupita kiasi, shimo dogo tu linaifikisha shokapu mwisho wa safari yake ya kubonyea.

Unahitaji tepu ya kupimia, kalamu, kipande cha karatasi ya gundi na watu wawili wa kusaidia. Vaa unavyovaa safarini: helmeti, koti, viatu, na begi kama hulikosi.

Anza nyuma. Bandika karatasi ya gundi mkiani, wima juu ya ekseli ya gurudumu. Inyanyueni pikipiki mpaka gurudumu lining'inie, pima kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye alama. Hicho ni kipimo cha kwanza. Iteremsheni, isimame kwa uzito wake bila mtu: cha pili. Kisha panda, miguu kwenye vikanyagio, mmoja akiishika pikipiki kwa mbele isianguke, na mwingine apime: cha tatu.

Shokapu ina msuguano, kwa hiyo usiamini kipimo kimoja. Ibonyezeni chini na kuiacha ipande yenyewe polepole, pimeni. Inueni kidogo na kuiacha ishuke polepole, pimeni tena. Ukweli uko katikati ya hizo namba mbili. Zikitofautiana sana, kuna kitu kimebana: kiungo cha shokapu kimekauka grisi, au mbele nguzo hazikai sambamba.

Toa cha tatu kwenye cha kwanza, unapata kuzama ukiwa juu. Toa cha pili kwenye cha kwanza, unapata kuzama bila mtu. Tuseme ulianza na milimita 600, pikipiki peke yake ikawa 591, na wewe ukiwa juu ikawa 552. Umezama 48. Kwa barabara za kawaida, nyuma hutakiwa milimita 30 hadi 35 na mpandaji, na 5 hadi 15 bila mtu. Mbele, 35 hadi 40. Mimi kwa huku kwetu huelekea kwenye namba kubwa ya mbele, kwa sababu ya matuta. Wale wa mashindano huenda chini ya 30, lakini wao hawakutani na shimo baada ya Inyala.

Mbele hupimwa vivyo hivyo, ila unapima sehemu ya nguzo inayong'aa. Mkanda mwembamba wa plastiki wa kufungia nyaya, ukifungwa kwenye nguzo inayong'aa ukigusa sili, bila kukaza sana, utakuonyesha pia shokapu imefika wapi ukiwa barabarani. Uache hapo moja kwa moja.

Kurekebisha mkazo wa springi

Nyuma kuna ringi yenye ngazi, mara nyingi tano au saba, inayozungushwa kwa spana ya ndoano. Au kuna nati mbili kubwa kwenye uzi, moja ya kufunga na moja ya kukaza. Safisha uzi kwanza kwa brashi na upake mafuta kidogo. Kwenye zile za uzi, mzunguko mmoja unaweza kubadili milimita 3 hadi 4 kwenye gurudumu, basi zungusha mmoja, pima, andika.

Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wengine hulichanganya. Kukaza springi hakuifanyi iwe ngumu zaidi. Kunainua pikipiki tu. Ugumu uko kwenye waya wa springi yenyewe, unene wake na idadi ya mizunguko. Ndiyo maana kijana wa kilo 60 aliyekuta ringi iko ngazi ya mwisho anahisi anakaa juu ya jiwe: pikipiki yake imepanda hadi mwisho wa juu, na kila tuta linamrusha.

Mbele, spoti kubwa huwa na nati juu ya kila nguzo, yenye mistari ya kuhesabia. Pande zote mbili zilingane. Nyingi za cc 250 na 300 hazina nati hiyo, lakini ndani kuna kipande cha bomba kinachokaa juu ya springi. Ukikikata kipya kirefu zaidi kwa milimita 10, kuzama kunapungua karibu milimita 10. Bomba gumu la plastiki la maji lenye kipenyo kinachoingia hufaa kabisa, kingo zikatwe zinyooke na ziwekewe washa juu na chini. Usizidishe kipimo: springi ikibanwa mno, mizunguko yake itagusana kabla shokapu haijafika mwisho.

Sasa soma namba zako zikiwa pamoja. Umepata 35 ukiwa juu, lakini bila mtu pikipiki haizami hata milimita moja? Springi ni laini kwa uzito wako. Umeikaza sana ili ikubebe. Umepata 35 ukiwa juu, na bila mtu inazama zaidi ya 20? Springi ni ngumu kuliko unavyohitaji. Ni katika hali hizi mbili tu ndipo nakubali mtu aanze kutafuta springi nyingine.

Na ukienda kuitafuta kwenye maduka ya spea zilizotumika, usinunue kwa macho. Springi ya shokapu ya mbele unaweza kuipima mwenyewe. Isimamishe wima ndani ya bomba lililo fupi kuliko springi, ili isipinde, weka ubao juu yake, mfuko wa saruji wa kilo 50 juu ya ubao, watu wawili wakiushikilia usidondoke bila kuubeba. Pima springi imefupika kiasi gani. Ikifupika milimita 59, ugumu wake ni kilo 0.85 kwa milimita. Kwa mtu wa kilo 75 hadi 85 juu ya spoti ya cc 600, springi za mbele huangukia karibu na 0.85 hadi 0.95. Pima zote mbili. Nimewahi kuuziwa jozi ambayo haikuwa jozi.

Skrubu za kushuka na kurudi

Kama pikipiki yako haina skrubu hizi, ruka uende kwenye oili. Kama inazo, moja huzuia kasi ya shokapu kushuka na nyingine huzuia kasi ya kurudi juu. Mbele, ya kurudi huwa juu ya nguzo na ya kushuka huwa chini. Nyuma, ya kurudi huwa chini ya shokapu.

Zungusha skrubu kuelekea kulia taratibu mpaka igome, ukihesabu kliki. Usiikaze ikishagoma, maana ncha yake ni nyembamba. Andika namba uliyoikuta, ndiyo njia yako ya kurudi nyumbani. Kisha irudishe kushoto kwa idadi inayotajwa kwenye kitabu, na hapo ndipo pa kuanzia.

Nianze na kurudi, kwa sababu ndiko makosa yanakoumiza. Bonyeza kiti kwa nguvu, achia. Mkia upande mara moja na kutulia. Ukipanda, ukashuka, ukapanda tena, kurudi ni kwepesi mno: barabarani utahisi unaelea, na kwenye kona ndefu mkia unacheza. Ukipanda kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa usingizini, umebana mno. Hilo la pili ndilo huwadanganya watu. Unapopita vile vituta vidogo vinavyopangana kabla ya kivuko, wengine huviita rasta, gurudumu linabonyea kwenye cha kwanza na halijapata muda wa kurudi linakutana na cha pili. Kila kituta kinakuta shokapu imebaki na nafasi ndogo zaidi, na cha sita kinakupiga kama nyundo. Mwendeshaji anasema shokapu ni ngumu, anakwenda kulegeza springi, na hali inakuwa mbaya zaidi. Dawa ilikuwa kufungua skrubu ya kurudi kliki mbili.

Kushuka ni rahisi kukusoma. Mikono ikipigwa kwa ghafla kwenye kingo za mashimo, fungua. Pua ikizama yote unapogusa breki kwenye mteremko wa Iwambi, na ule mkanda wa plastiki unakuta umesukumwa hadi mwisho, funga kidogo.

Baridi nayo ina lake. Asubuhi ya Julai pale Uyole oili ni nzito, na mchana wa siku hiyohiyo ukiwa Kyela, zaidi ya mita elfu moja chini, ni nyepesi. Usirekebishe kitu chochote kabla hujaendesha angalau dakika kumi na tano.

Kubadili oili ya mbele

Ukiwa na fedha ya kazi moja tu, fanya hii. Oili inayotoka kwenye pikipiki nyingi zinazoletwa kwangu ni ya kijivu, inanuka samaki, na haina nguvu tena ya kuzuia kitu. Badili kila baada ya miaka miwili, mapema zaidi ukipita sana kwenye vumbi.

Inyanyue pikipiki kwa fremu, imara, isiegemee shokapu. Legeza vifuniko vya juu wakati nguzo bado zimebanwa na kibano cha chini (vibano ni vile vyuma viwili vya shingoni vinavyoshika nguzo), la sivyo utazishindwa mkononi. Kisha toa gurudumu, kaliper (ifunge kwa kamba, isining'inie kwa mpira wa breki) na madigadi, na uzichomoe nguzo. Unapomalizia kufungua kifuniko, uso wako uwe pembeni, kwa sababu springi iliyo chini inasukuma. Toa springi, pindua nguzo juu ya beseni, pampu mara nyingi mpaka itoke yote.

Shokapu nyingi hutumia oili ya shokapu ya namba 10, kitabu chako kitasema. Usiweke oili ya injini namba 40. Ni nzito mno, na kwa baridi ya huku asubuhi shokapu inakuwa kama gogo. Jaza, pampu polepole hadi hewa ikome kutoka, acha dakika kumi. Sasa, springi ikiwa nje na nguzo imebonyezwa hadi chini, pima kutoka ukingo wa juu hadi uso wa oili. Njia nzuri ni sirinji kubwa yenye mpira wa dripu: ufunge mpira huo kwenye kijiti ukiwa na urefu unaotakiwa, jaza zaidi kidogo, kisha nyonya mpaka ianze kuvuta hewa. Nguzo zote mbili zitakuwa sawa kabisa.

Nafasi hiyo ya hewa ni springi ya pili. Ukiongeza oili kwa milimita 10, mwanzo wa safari hautabadilika sana lakini mwisho utakuwa mgumu, na hilo humsaidia anayegonga mwisho kwenye matuta. Kwa sababu hiyohiyo, nguzo zilizofungwa Dar es Salaam zikipanda hadi hapa, mita kama 1,700 juu ya bahari, zina hewa yenye msukumo kuliko hewa ya nje. Pua inasimama juu milimita chache na kuwa ngumu kidogo. Kama vifuniko vyako vina skrubu ndogo ya hewa, nyanyua gurudumu la mbele, ifungue, utasikia "psii", ifunge.

Bolti za vibano na ekseli zifunge kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) na kwa kipimo cha kitabu. Kabla ya kukaza ekseli mwishoni, bonyeza shokapu mara kadhaa ili nguzo zijipange sambamba. Pampu breki kabla hujaondoka. Oili chafu itie kwenye dumu, usiimwage mferejini.

Ninayoyakataa

Kukata springi kwa grainda: moto unaua chuma pale pale, ncha haikai tena sawa, na inachana ukuta wa ndani. Kuchomelea au kupasha moto shokapu ya nyuma: spoti nyingi zina gesi ya naitrojeni iliyobanwa ndani, inaweza kulipuka. Kuifungua bila vifaa vya kujazia gesi, pia sikubali. Kuweka vyuma virefu au vifupi vya kuunganisha shokapu ya nyuma ili kushusha au kuinua mkia kwa ajili ya kupendeza hubadili jinsi usukani unavyokata kona na jinsi stendi inavyosimama, na mnyororo huanza kula mahali pasipostahili.

Ukitaka usukani uwe mwepesi kona za Uporoto, sukuma nguzo za mbele juu ya kibano milimita 5, si zaidi kwa mara moja, pande zote sawa. Kisha hakikisha madigadi haigusi rejeta shokapu ikibonyea hadi mwisho. Ukifika tambarare ya Chimala na usukani ukaanza kutetema kwa mwendo, rudisha siku hiyohiyo.

Kujaribu

Chagua kipande kimoja cha barabara na usikibadili. Mimi hutoka Uyole, napita matuta ya Igawilo, napanda hadi Isyonje, na kurudi. Kuna lami mbaya, lami nzuri, breki na kona, vyote ndani ya safari fupi. Walioko Iringa wana mpando wa kutoka Ipogoro kuingia mjini. Kitonga si mahali pa kujaribia, malori yenye mzigo hayana pa kukukwepa. Nenda mwendo wako wa kila siku. Asubuhi yenye ukungu, au lami ikiwa na matope ya magari ya viazi, ahirisha.

Badili kitu kimoja. Endesha. Andika kwenye daftari: tarehe, kliki, upepo, ulichohisi kwenye matuta, ulichohisi kwenye kona. Ukibadili viwili kwa pamoja na mambo yakawa mazuri, hutajua ni kipi. Mmoja wa vijana wangu alinijia na ukurasa mzima, kliki moja moja kwa wiki mbili, na hakuwa amenunua chochote zaidi ya oili. Aliomba nimpandie nyuma mpaka Tukuyu nijionee, na nikajionea.

Ukibeba abiria mara kwa mara, pima kuzama mara ya pili mkiwa wawili, tafuta ngazi inayofaa, na uandike namba zote mbili kwa kalamu isiyofutika chini ya kiti. Abiria akipanda, ongeza mkazo wa nyuma na funga skrubu ya kurudi kliki moja au mbili, kwa sababu springi iliyobanwa zaidi inarudi kwa nguvu zaidi. Akishuka, rudisha kabla hujawasha. Mnyororo upimwe upya kila unapobadili urefu wa nyuma, na bolti za vibano zikaguliwe tena baada ya kilomita 200 za kwanza.